Sentimita Tano Kati ya Nondo na Bahari



Mada niliyopewa ni uimara wa zege katika viwanda na magati ya pwani. Nitaanzia mbali kidogo, Genoa, mji wa bandari wa Italia, kwa sababu yaliyotokea kule yana tarehe na yana ushahidi ulioandikwa, na kila mwenye kiwanda au gati kwenye mwambao wetu anapaswa kuyajua.

Mwaka 1967 lilifunguliwa pale daraja la barabara kuu juu ya bonde la mto Polcevera. Urefu wake ulikuwa mita 1,182. Aliyelibuni, Riccardo Morandi, alikuwa miongoni mwa wahandisi wa zege walioheshimiwa sana katika zama zake. Sehemu kubwa ya barabara ilishikiliwa na nyaya nene za chuma zilizoshuka kutoka kwenye minara mitatu, na nyaya hizo Morandi hakuziacha wazi. Alizivika zege. Alitaka zege liwe koti la chuma, lizuie hewa na maji, ili nyaya zidumu bila kupakwa rangi kila baada ya miaka michache. Chini ya daraja kulikuwa na reli, nyumba na viwanda, na moshi wa viwanda vya chuma ulipanda huko ukichanganyika na upepo wa bahari.

Mwaka 1979, daraja likiwa na umri wa miaka 12 tu, Morandi mwenyewe aliandika ripoti. Alisema nyuso za zege, hasa zile zinazotazama baharini ambako chumvi na moshi wa tindikali hupiga moja kwa moja, zimeanza kuliwa. Akashauri kutu iondolewe, nyufa zijazwe, na zege lipakwe utando wa kulikinga. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mnara mmoja, namba 11, uliongezewa nyaya mpya za nje. Mnara namba 9 haukufanyiwa hivyo. Tarehe 14 Agosti 2018, saa 5:36 asubuhi, mvua kubwa ikinyesha, mnara namba 9 ulianguka na barabara yake. Watu 43 walikufa. Wataalamu walioteuliwa na mahakama walikuta kwamba chanzo kilikuwa kutu kwenye kilele cha mojawapo ya zile nyaya zilizovikwa zege, mahali ambapo jicho halifiki.

Koti la zege lina sura mbili. Likiwa nene na limeshikana vizuri, humlinda aliye ndani kwa miaka mingi. Likiwa jembamba au lina vinyweleo, huingiza chumvi, kisha huficha kinachoendelea ndani mpaka mambo yawe yameharibika. Kazi yangu leo ni kuwaeleza koti hili linavyofanya kazi, na kwa nini nasema umri wa jengo la pwani huamuliwa kwa sehemu kubwa kabla jengo halijatimiza wiki mbili.

Kuna swali ambalo huulizwa kila mara ninapozungumza haya. Watu husema: mhandisi, mbona Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani bado una kuta baada ya mamia ya miaka? Mbona Ngome ya Yesu pale Mombasa, iliyoanzwa mwaka 1593, inapigwa na upepo wa bahari hadi leo na ipo? Na nyinyi wataalamu mnatujengea gati, baada ya miaka 15 linapukutika?

Swali hilo ni la haki na jibu lake ni fupi. Wazee wa Kilwa hawakuweka chuma ndani ya kuta. Walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayohayo, na palipohitaji boriti wakaweka miti ya mikoko. Chumvi ilipoingia ukutani haikukuta kitu cha kuozesha. Warumi walifanya vivyo hivyo: walichanganya chokaa na majivu ya volkano kutoka sehemu za Pozzuoli, wakatupia mawe, wakajenga bandari ndani ya maji yenyewe. Uchunguzi wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba maji ya bahari yaliyopenya ndani ya zege lile yaliotesha madini mapya yaliyoziba vinyweleo. Bahari iliwasaidia. Lakini hata wao hawakuweka nondo.

Nondo zilikuja katika karne ya 19. Anayetajwa sana ni Joseph Monier, mtunza bustani wa Ufaransa, aliyepata hataza mwaka 1867 kwa vyombo vya mimea vya saruji vilivyotiwa wavu wa chuma. Zege likigandamizwa lina nguvu nyingi, lakini likivutwa hukatika upesi. Chuma kikachukua kazi ya kuvutwa. Ndiyo sababu leo tunaweza kujenga slabu pana na magati marefu. Na tangu siku hiyo jiwe letu limebeba tumboni kitu kinachoweza kuoza.

Sasa tuingie ndani ya zege.

Saruji ikikutana na maji hutoa chokaa nyingi, na maji yaliyomo kwenye vinyweleo vya zege huwa na alkali kali sana, kipimo cha pH kikiwa kati ya 12.5 na 13.5. Ndani ya alkali hiyo chuma hujivika ngozi nyembamba mno, isiyoonekana kwa macho, inayozuia kutu. Nondo yenye ngozi hiyo inaweza kukaa miaka mia moja ikiwa safi. Maadui wanaoivua ngozi hiyo ni wawili. Wa kwanza ni hewa ya ukaa, ambayo hupenya polepole, ikala ile chokaa na kushusha alkali hadi chini ya 9. Huyu yupo Dodoma, yupo Nairobi, yupo kila mahali. Wa pili ni kloridi, ile sehemu ya chumvi ambayo haihitaji kushusha alkali yoyote. Hufika kwenye nondo na kuitoboa ngozi hapo ilipo. Huyu ndiye mwenyeji wa pwani.

Kloridi ikishatoboa, nondo hugeuka betri. Sehemu moja ya chuma huyeyuka, sehemu nyingine hupokea umeme, na unyevu wa ndani ya zege huunganisha pande mbili kama vile dawa iliyomo ndani ya betri ya tochi. Kutu inayotokea huchukua nafasi mara 2 hadi 6 ya chuma kilicholiwa. Zege haliwezi kutanuka kumpisha mgeni huyo, kwa hiyo hupasuka. Ndiyo maana ufa wa kutu hufuata mstari wa nondo, kana kwamba mtu ameuchora kwa rula. Ukiona ufa wa namna hiyo chini ya boriti, na doa la rangi ya udongo mwekundu pembeni yake, usiite fundi wa plasta.

Niwape hesabu ambayo kila fundi anaweza kwenda nayo. Wahandisi wengi hukadiria kwamba hatari huanza kloridi ikifika karibu asilimia 0.4 ya uzito wa saruji. Mfuko mmoja ni kilo 50, kwa hiyo mpaka ni gramu 200 kwa mfuko. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi yapata gramu 35, na katika hizo kloridi ni karibu gramu 19. Basi lita kumi na nusu za maji ya bahari, nusu ndoo, zinatosha kulimaliza fungu lote la mfuko huo. Anayechanganya zege kwa maji ya bahari, au ya kisima kilichoingiliwa na bahari, amelijenga jengo likiwa tayari limevuka mpaka. Halina haja ya kungoja mawimbi. Mchanga wa ufukweni nao ni hivyohivyo: unapendeza, umechujwa na maji, unapatikana bure usiku, na umejaa chumvi. Juu ya hayo, kuuchota kunakula ufukwe wenyewe.

Nchi za Ghuba zililipa gharama kubwa kwa somo hili. Mafuta yalipopanda bei katika miaka ya 1970, Bahrain, Dubai na mashariki ya Saudia zilijenga kwa kasi. Mchanga na kokoto vilikuwa na chumvi, maji ya visima yalikuwa na chumvi, jua lilikuwa kali, na vipimo vingi vilinakiliwa kutoka Ulaya yenye baridi. Majengo mengi yalianza kupasuka kabla ya kufikisha miaka 15. Kulikuwa na kosa jingine la kitaalamu ambalo napenda wanafunzi walizingatie. Kwa kuogopa salfeti iliyomo ardhini, wajenzi walipendelea saruji maalumu ya kustahimili salfeti. Saruji hiyo hupunguzwa kiambato fulani chenye aluminiamu ambacho salfeti hukishambulia. Lakini kiambato hichohicho ndicho kinachokamata sehemu ya kloridi na kuifunga isifike kwenye nondo. Watafiti wa chuo kikuu cha Dhahran walionyesha kwamba saruji iliyochaguliwa kwa adui mmoja ilikuwa imemfungulia mlango adui mwingine. Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki, ambao tumefanya kazi na ndugu zetu wa Oman na Ghuba kwa karne nyingi, hatuna sababu ya kujifunza hili upya kwa fedha zetu.

Bahari haili jengo kwa usawa. Nguzo ya gati ukiigawa kutoka chini kwenda juu, sehemu iliyozama daima huwa na chumvi nyingi lakini hewa kidogo, na bila oksijeni kutu huenda taratibu. Juu kabisa, penye upepo tu, chumvi hufika kwa kiasi. Sehemu mbaya ni ya katikati, pale maji yanapojaa na kupwa, na hapo juu yake kidogo ambapo wimbi hurusha. Huku kwetu wakati wa bamvua tofauti ya kujaa na kupwa ni mita tatu na zaidi. Kwa hiyo kuna kipande kirefu cha nguzo kinacholowa na kukauka mara mbili kwa siku. Kila kinapokauka, maji huondoka na chumvi hubaki. Kila kinapolowa, hunyonya chumvi nyingine. Mvuvi anayekausha chumvi kwenye majaruba anaifahamu kanuni hii. Nguzo yako ni jaruba lililosimama wima.

Ongeza joto. Kanuni ya kemia ni kwamba joto likipanda kwa nyuzi 10 kasi ya mambo mengi ya namna hii hukaribia kuongezeka maradufu. Jedwali la Ulaya lililoandikwa kwa ajili ya Bahari ya Kaskazini halijui joto la kaskazi ya mwezi wa pili hapa kwetu.

Kisha ongeza kiwanda. Ghala la mbolea lina chumvi za amonia, ambazo huila chokaa ya zege na kuliacha laini kama chaki. Mitaro ya majitaka na mabwawa ya mabaki ya samaki hutoa gesi ya yai viza. Bakteria walio juu ya uso wa maji huigeuza kuwa tindikali ya salfa, na dari ya mtaro huliwa kutoka ndani wakati sakafu iko salama. Mitambo inayopozwa kwa maji ya bahari huyarusha kama manyunyu, saa 24, mahali ambapo mbunifu alidhani ni pakavu. Na moshi wenye salfa ukikutana na umande wa asubuhi huwa tindikali. Genoa ilikuwa na bahari na moshi pamoja. Mwambao wetu unaelekea hukohuko: gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay, viwanda vya saruji, matangi ya mafuta ya Mombasa na Dar es Salaam, na hapo Chongoleani, Tanga, mwisho wa bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima. Kila mahali hapo pana zege lenye nondo, na kila zege hilo limeanza kuhesabiwa siku.

Sasa, tufanye nini? Hapa nitakaa, kwa sababu ndipo penye kazi yetu.

La kwanza ni unene wa zege linaloifunika nondo, ambao mafundi tunauita kava. Kloridi husafiri kwa namna ambayo muda huongezeka kwa mraba wa umbali. Tuseme katika zege fulani chumvi hufika kwenye nondo iliyo na kava ya milimita 25 kwa miaka 8. Kava ikiwa milimita 50, zege lilelile, saruji ileile, itachukua miaka 32. Umezidisha kava mara mbili, umepata muda mara nne. Hakuna dawa ya dukani inayouza miaka 24 kwa bei ya sentimita mbili na nusu za zege. Kanuni za Ulaya, ambazo wengi wetu tunazitumia, zinadai angalau milimita 45 kwa sehemu ya maji kujaa na kupwa, na juu yake milimita 10 kwa ajili ya makosa ya mkono wa binadamu. Ndiyo hizo sentimita tano na kidogo nilizoziweka kwenye kichwa cha mhadhara huu.

Kinachoshika kava ni biskuti, yale matofali madogo yanayowekwa chini ya nondo. Nina habari ya kuwaeleza juu ya biskuti. Nilipokuwa kijana nilisimamia ujenzi wa jukwaa la kupakilia kwenye kiwanda kimoja cha chumvi. Saa kumi jioni biskuti zilikwisha. Zege lilikuwa linachanganywa, vibarua walikuwa wamesimama na makarai, mwenye kazi alikuwa anaangalia saa. Fundi aliniambia tuinue nondo kwa vipande vya kokoto. Nilikubali. Baada ya miaka saba nilirudi pale kwa shughuli nyingine nikashuka chini ya jukwaa. Upande wa biskuti ulikuwa mzima. Upande wa kokoto, nondo zilikuwa zimeteleza zikalalia mbao za fomu siku ile ya kumwaga, na sasa zilikuwa nje, nyekundu, zege limedondoka vipande ukubwa wa sahani, na alama za ringi zikihesabika moja moja kama mbavu. Kiwanda kilitumia kulitengeneza jukwaa lile fedha nyingi kuliko zilizolijenga. Kosa lile lilikuwa langu, na biskuti zilizokosekana zingejaa ndoo moja.

Ndiyo maana nina msimamo ambao wakandarasi wengine hawaupendi. Tunapima vitofali vya zege maabara siku ya 28, tunapata namba ya nguvu, tunasaini, tunalipa. Namba hiyo inasema jengo litabeba mzigo. Haisemi jengo litaishi. Fomu zikishavuliwa, kava ipimwe kwa kifaa cha kutafutia nondo, mita kwa mita, na malipo ya mwisho yangoje kipimo hicho. Kifaa chenyewe kinashikika mkononi, na mhandisi mmoja anaweza kupima gati zima kwa siku chache.

La pili ni maji. Saruji inahitaji maji kidogo kuliko mnavyodhani. Yanayozidi hukauka baadaye na kuacha vinyweleo, na kila kinyweleo ni njia ya chumvi. Kwa zege la sehemu ya maji kujaa na kupwa, maji yasizidi asilimia 45 ya uzito wa saruji. Kwa mfuko wa kilo 50 hiyo ni lita 22 na nusu, yaani ndoo moja ya lita 20 na kibakuli. Na hapo lazima uhesabu maji yaliyomo mchangani: kilo 100 za mchanga uliolowa mvua zinaweza kubeba lita 5. Zege la namna hiyo ni gumu kulisukuma kwa koleo, na ndiyo sababu fundi akigeuka tu kibarua anatia ndoo nyingine. Msimlaumu kibarua. Mnunulieni dawa ya kulainisha zege, isiyo na kloridi, na mashine ya kushindilia inayofanya kazi, mkiwa na ya pili ya akiba. Zege lenye mashimo kama mzinga wa nyuki halina kava hata likiwa na unene wa sentimita kumi.

La tatu ni saruji yenyewe, na hapa tuna bahati. Nilitaja majivu ya volkano ya Warumi. Pozolana, kama inavyoitwa, tunayo: nyanda za Mbeya, pande za Arusha na Kilimanjaro, na upande wa Kenya kwenye ardhi ya Bonde la Ufa. Viwanda vyetu huisaga ndani ya saruji. Pozolana hula ile chokaa legevu iliyobaki na kuigeuza gundi, ikaziba vinyweleo, na kasi ya chumvi hupungua sana. Wapo mafundi wanaoidharau saruji hiyo kwa sababu hukomaa polepole na siku ya saba nguvu yake bado ni ndogo. Kwa nyumba ya haraka malalamiko yao yana msingi. Kwa nguzo ya gati, polepole hiyo ndiyo tunayoitafuta, mradi tuilee. Someni kilichoandikwa ubavuni mwa mfuko: 32.5 au 42.5 ni nguvu. Herufi za aina ya saruji ndizo zinazoeleza kilichomo.

Kuilea ndilo la nne, na linaharibiwa kuliko yote. Zege lililomwagwa saa nne asubuhi kwenye upepo wa pwani huanza kukauka usoni kabla ya adhuhuri. Uso ndio kava. Uso ukikauka mapema, saruji ya pale haikumaliza kazi yake, na sentimita zako tano zinakuwa sentimita tano za sifongo. Kumwagilia mara moja asubuhi na mara moja jioni ni kulisalimia zege. Lifunike kwa magunia yaliyoloweshwa, weka nailoni juu yake, na lisikauke hata saa moja kwa siku 7; kama saruji ina pozolana, siku 10 hadi 14. Maji yawe baridi, ya kunywa. Nimewahi kuona zege zuri likimwagiliwa kwa maji ya bahari kwa sababu yalikuwa karibu. Na mtu wa Tanga hawezi kuniambia magunia ya katani hayapatikani.

Yapo mambo ya gharama zaidi na nitayapitia upesi. Kuna nondo za chuma kisichoshika kutu. Kule Progreso, kwenye rasi ya Yucatán nchini Mexico, lipo gati refu lililojengwa kati ya miaka ya mwisho ya 1930 na mwanzo wa 1940 kwa nondo za namna hiyo, na linasimama. Gati jingine la jirani, la umri mdogo zaidi, lililowekwa nondo za kawaida, liliharibika likabaki visiki vya nguzo. Nondo hizo ni ghali mara kadhaa, lakini hazihitajiki jengo zima. Ziwekwe pale tu maji yanapojaa na kupwa. Upo pia ulinzi wa umeme. Mwaka 1824 Humphry Davy alionyesha jinsi ya kuizuia shaba ya tumbo la meli isiliwe na bahari kwa kuifunga na chuma dhaifu zaidi kinachokubali kuliwa badala yake. Mabaharia wa hapa mnavijua vile vipande vya zinki kwenye matumbo ya meli. Zinki hiyohiyo inaweza kufungwa kwenye nondo za gati.

Hilo linanileta kwenye viraka. Fundi huitwa, hugonga zege bovu, husugua nondo, hupaka zege jipya, na linapendeza. Baada ya miaka miwili kutu inatokea kando ya kiraka. Mwenye jengo humwita fundi mwizi. Fundi si mwizi. Nondo iliyokuwa ikiliwa pale katikati ilikuwa inawakinga majirani zake, kama zinki inavyoikinga meli. Umeisafisha, umeizungushia zege safi, sasa majirani waliokwisha kulowa chumvi ndio wanaoliwa. Kabla ya kukarabati, pima kloridi imefika wapi, na ondoa zege lote lililovuka mpaka hata kama linaonekana zima, au funga zinki ukingoni mwa kiraka. Ukarabati wa rangi na plasta juu ya chumvi ni kulivisha koti jipya jeraha linalooza.

Vipimo vya kuanzia si vya kutisha. Nyundo nyepesi: zege zima hulia kwa sauti kali, lililoachana na nondo hulia tupu, kama mtungi. Vunja kipande kidogo, nyunyiza maji ya fenoltalini: panapogeuka waridi alkali ipo, pasipogeuka hewa ya ukaa imeshapita. Nyunyiza nitrati ya fedha kwenye mvunjo mpya: panapokuwa peupe kloridi imefika, panapobaki hudhurungi bado. Mwanafunzi wa chuo cha ufundi anaweza kuyafanya haya kwa asubuhi moja, na daftari la matokeo ya kila mwaka, lenye mchoro na tarehe, lina thamani kuliko mapipa mengi ya rangi.

Morandi alikuwa na daftari lake mwaka 1979. Kati ya ripoti ile na asubuhi ile ya mvua ilipita miaka 39.

Basi nina ombi kwa wenye magati, viwanda, maghala na mabwawa ya chumvi waliomo humu, na kwa wahandisi wanaowafanyia kazi. Mwezi mwandamo ujao, siku za bamvua, asubuhi maji yakiwa yamekupwa, shukeni wenyewe chini ya jengo lenu na nyundo mkononi. Gongeni kila boriti. Panapolia tupu, pigeni alama kwa chaki na kuandika tarehe, kisha mniite mimi au mhandisi mwingine yeyote kabla ya kumwita fundi wa rangi.